Yatima Aliyekwisha Baleghe

Mtoto mchanga aliyefiwa hakosi wa kumpakata. Shangazi anamtaka, jirani anamtaka, na hata mgeni aliyekosa kizazi atakuja kumwomba. Lakini mtazame kakaye wa miaka 14, sauti imeshakuwa nzito na ndevu zinaanza kuota. Huyo hupelekwa nyumba ya mayatima, na akitimiza miaka 18 huambiwa keshakuwa mtu mzima, akajitafutie.

Wapo wanaojitetea kwa dini. Husema Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mtu akishabaleghe haitwi tena yatima. Hadithi hiyo ipo, ameipokea Abu Daud. Lakini makusudio yake ni hukumu za uyatima, khasa mali: kijana akionekana ana busara akabidhiwe kilicho chake, kama ilivyoamrishwa katika Sura An-Nisaa. Hapakusemwa popote kwamba siku hiyo afungiwe mlango. Kuichukua hukumu iliyokuja kumlinda kijana na kuifanya hoja ya kumtoa nje, mimi naona ni kuipindua.

Tena tumtazame Mtume mwenyewe. Alifiwa na babu yake, Abdul Muttalib, akiwa na miaka 8. Akachukuliwa na ami yake Abu Talib, mtu mwenye watoto wengi na mali kidogo. Huyu alisafiri naye katika biashara ya Sham, akasimama katika ndoa yake na Bibi Khadija, na akamkinga na Makureshi mpaka alipokufa, kiasi cha mwaka 619. Hesabu mwenyewe: ni zaidi ya miaka 40. Je, ni lini Abu Talib alisema zamu yake imekwisha?

Najua kinachowatisha wengi, khasa kina mama: kijana huyo si maharimu. Mtoto mchanga aweza kunyonyeshwa kabla hajatimiza miaka 2, mara 5 kwa madhehebu yetu ya Kishafii, akawa maharimu wa nyumba. Wa miaka 14 hawezi. Ni kweli, na mpaka huo usichezewe. Lakini watoto wa ami na wa shangazi nao si maharimu, na mbona huja likizo tukawatandikia? Chumba cha uani, kubisha hodi na binti kujisitiri havikuanza leo.

Nasaba haibadilishwi, Zaid bin Haritha alirudishiwa jina la baba yake, na mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua. Urithi hana, ila wasia usiozidi thuluthi aweza kuandikiwa. Na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitambua kafala.

Lakini kubwa si chakula wala karatasi. Msichana wa nyumba ya mayatima akiposwa, naye hana walii, kadhi atamwozesha. Je, posa ipelekwe nyumba gani? Akigombana na mumewe, arudi kwa nani? Akijifungua, arobaini yake aimalize chumba cha nani? Hayo kadhi hana la kumpa.