"Haikuwa kusudi"

Hapa kwetu Bukavu, motari akigonga mtoto pale Nyawera ama Essence, neno la kwanza linalomtoka kinywani ni hili: "Haikuwa kusudi." Papo hapo watu wanagawanyika. Wamoja wanasema alipe matibabu aende zake, wengine wanatafuta mawe. Ndani ya makelele hayo kuna swali ambalo tungepaswa kulijadili tukiwa tumetulia: aliyeumiza kwa kutaka na aliyeumiza kwa uzembe, kosa lao ni moja?

Sheria yetu inajibu mara mbili. Ile ya kiraia, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inasema katika kifungu 258 kwamba anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake anapaswa kuilipa. Kifungu 259 kinaongeza uzembe na kukosa uangalifu. Ni kusema, kwa upande wa malipo, kutaka na kutotaka ni karibu sawa: mguu uliovunjika ni mguu uliovunjika. Lakini sheria ya adhabu ya 1940 inatenganisha kabisa. Mwenye kuua kwa nia, kifungo cha maisha. Mwenye kuua kwa kukosa kutazama mbele ama kujihadhari, bila nia ya kumdhuru mtu, miezi 3 mpaka miaka 2. Kati ya hapo na pale kuna shimo kubwa, na watu wengi wanajificha ndani yake.

Nikiwa mtoto kule Walungu, jirani mmoja alikata mkalitusi karibu na njia. Mti ukaangukia mtoto wa watu, akavunjika paja. Jioni ile ile, kabla hajaitwa, jirani alienda kwa wazazi na mbuzi na kasiksi, akaketi chini. Wazee walikusanyika. Nilingojea wamuulize kama alitaka, maana hata mimi nilijua walikuwa na ugomvi wa mpaka. Hawakumuuliza hivyo. Mzee mmoja alisema tu: "Ulijua kama watoto wanapita hapa saa ya kutoka masomo?" Jirani akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Nilijua." Mbuzi mmoja akageuka kuwa ng'ombe, na hakuna aliyebishana.

Sisemi kwamba wazee wetu hawakukosea. Waliotwikwa uchawi bila ushahidi wangeweza kutuambia mengi. Lakini swali lile linamshika mtu ambaye "ulitaka?" inamwacha apite. Tukumbuke tarehe 3 Oktoba 2024. Merdi ilitoka Minova ikielekea Goma, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, juu barabara ilikuwa imefungwa na vita na wauza vyakula hawakuwa na njia nyingine. Ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wa pwani wakitazama, makumi wakafa. Kumhukumu fulani ni kazi ya waamuzi, mimi simo. Nauliza tu juu ya kila mtu anayepakia chombo kwenye ziwa letu la Kivu: hataki abiria afe, hata kidogo, anamtaka arudi kesho na nauli. Lakini anahesabu vichwa, anaona maji yanakaribia ubao, na anapokea bado mmoja. Huyu tumwite mzembe, sawa na mama aliyesahau sufuria motoni? Mimi nakataa. Aliyesahau hakuwa na hatari mbele ya macho. Huyu aliipima, akaona faida yake ni nzito kuliko maisha ya wengine.

Naandika hivi nami nikiwa na deni. Kifungu 260 kinawataja walimu: tunajibu kwa hasara inayoletwa na wanafunzi tukiwa tunawasimamia. Darasani mwangu kioo cha dirisha kilipasuka. Nilikiona Jumatatu, nikasema kesho. Wiki ya tatu kijana mmoja alimsukuma mwenzake kwa mchezo, na mkono wa yule mwenzake ukakatwa mshipa. Vidole viwili havikunji vizuri mpaka leo.

Nilienda kwao na mchango wa walimu ndani ya bahasha. Nilikuwa nimetayarisha maneno: mchezo wa watoto, bahati mbaya, haikuwa kusudi. Mama yake alinipa kiti, akaiacha bahasha mezani bila kuigusa.

"Mwalimu, ile kioo, ulikuwa umeiona mbele?"

Nilimjibu ndiyo.