Mgeni Alipaye, Je, ni Mgeni?

Sisi tukaao Vingunguti hatuna haja ya kufundishwa habari za wapitao njia. Barabara ya Nyerere yapitisha magari usiku na mchana kati ya mji na uwanja wa ndege. Machinjio yavuta ng'ombe na wachuuzi kutoka bara. Na katikati wamo mafundi wa gereji, madereva wa malori na utingo wao, na vijana wa bodaboda ambao wengine hulala kwa zamu katika chumba kimoja. Wenyeji wa asili, Wazaramo, twawaheshimu. Lakini wengi wetu tulishuka hapa na begi moja mkononi, tukapiga hodi kwa mtu, naye akasema karibu.

Basi mahali kama hapa ndipo lilipozuka swali ambalo twataka kulifikiri pamoja nanyi mwezi huu: je, yafaa kumwuzia mgeni ukaribisho? Na akiisha kulipa, yeye bado ni mgeni, au amekuwa mteja tu?

Lilianza nyumbani kwa mzee mmoja wa usharika, Mpare kwa asili, mwenye nyumba ya vyumba vitano na ua wenye geti la chuma. Jioni moja ya mvua walimjia wageni wawili wa Ulaya, mtu na mkewe, kila mmoja na pikipiki yake kubwa yenye masanduku ya bati ubavuni. Walitoka Nairobi, nao walikusudia kufika Cape Town. Mnyororo wa pikipiki ya yule mama ulikuwa umekatika, na fundi wa jirani akasema kazi itakwisha kesho. Mzee akafungua geti. Watoto wakahamishwa chumba chao, mkewe akakopa mkaa na sukari dukani, wageni wakala wali na maharage, wakalala. Asubuhi wakaaga kwa furaha nyingi. Walipokwisha kuondoka, chini ya kikombe zikaonekana noti zilizokunjwa, jumla shilingi 60,000.

Mzee alikasirika sana. "Wamenilipa kama mwenye gesti!" akasema, na mwajua jinsi neno hilo gesti lilivyo na harufu mbaya katika mitaa yetu. Mkewe akamjibu, "Baba, deni la dukani halijui kama wale walikuwa wageni wako." Wakatuletea shauri lao. Nasi, kwa kuwa tulikuwa na haraka ya kwenda mazikoni, tukasema tu kwamba mkono upokeao si lazima uwe mwovu, tukashika njia. Jibu lile lilikuwa jepesi mno, na matokeo yake tutayaeleza.

Kwanza tumtazame msafiri mwenyewe. Safari hizi za pikipiki si jambo jipya. Mwaka 1934 wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki moja ya Panther yenye kigari ubavuni na tela nyuma, wakalikata jangwa la Sahara, wakafika Cape Town mwaka 1935. Mwaka 1973 Ted Simon aliondoka Uingereza kwa Triumph, akashuka Afrika toka kaskazini hata kusini, kisha akaendelea kuizunguka dunia. Safari yake yote ilichukua miaka minne. Tangu hapo wamekuja wengi. Tena yafaa kukumbuka kwamba mpanda pikipiki ni maskini kuliko mwenye gari, hata pikipiki yake ikiwa na thamani kubwa. Mwenye gari akichoka hulala ndani ya gari lake, na mvua ikinyesha hufunga dirisha. Huyu hana paa wala mlango. Hufika amelowa au amejaa vumbi, mikono imekufa ganzi kwa mtikisiko, naye hawezi kuiacha mashine yake nje ya macho yake, kwa maana kila alicho nacho kimefungwa juu yake. Atafuta kitanda, maji, ua ufungwao, na mtu ajuaye spana. Hayo yote hayapatikani hotelini mjini kwa urahisi kama watu wadhaniavyo.

Kwa hiyo kumetokea nyumba za wageni za namna yake. Iliyojulikana sana kwetu Afrika Mashariki ni Jungle Junction ya Nairobi, iliyoanzishwa na Mjerumani mmoja ajuaye ufundi wa pikipiki. Kwanza ilikuwa Lavington, baadaye ikahamia upande wa Karen. Wasafiri walipata mahali pa hema, vyumba, na karakana, na habari zake zikapita kinywa kwa kinywa toka Cairo hata Cape. Sasa fikirini jambo hili: mgeni awapokea wageni katika nchi isiyo yake wala yao. Mwenyeji ni nani hapo? Wengine hucheka, husema kwamba msafiri alalaye hapo hajafika Kenya bado. Sisi hatutaki kucheka. Aliyekwisha kuwa mgeni ndiye ajuaye mgeni akosacho. Waisraeli walipoagizwa kumpenda mgeni, hawakukumbushwa utajiri wao, bali walikumbushwa Misri. Mjerumani yule alijua spana ipi hukosekana, tena alijua hofu ya mtu ambaye mashine yake imezimika mahali asipojua lugha.

Na kuhusu malipo, sisi Walutheri hatuwezi kuyadharau bila kuidharau nyumba ya Luther mwenyewe. Baada ya kuoana mwaka 1525, yeye na Katharina waliishi Wittenberg katika nyumba iliyokuwa ya watawa. Ilikuwa nyumba kubwa, na fedha ilikuwa kidogo. Katharina akajaza vyumba kwa wanafunzi waliolipia chakula na malazi. Akalima, akafuga, akapika bia. Meza ile ambayo wanafunzi waliisikilizia mafundisho yaliyoandikwa na kusomwa hata leo, ilikuwa meza ya kulipia. Twashuku kwamba kama hesabu zingeachwa mikononi mwa Daktari peke yake, nyumba ingefungwa mapema.

Wazee wetu nao hawakuwa wajinga. Mgeni siku mbili, walisema, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huisoma methali hii kama njia ya kumfukuza mgeni kwa adabu. Sisi twaona ina jambo jingine. Mzee wetu alipofika mjini mwaka 1986, alipokelewa na mzee wa Kizaramo huko Buguruni. Siku ya tatu aliamshwa alfajiri, akapewa ndoo mbili, akaonyeshwa bomba. "Siku ile, Mchungaji," alituambia, "ndipo nilipojua kwamba sitaondolewa." Basi jembe nalo ni malipo, lakini ni malipo yafungayo. Alimaye shamba la mwenyeji huwa na neno katika mavuno yake. Fedha hufanya kinyume: hufungua. Mtu akiisha kulipa, hana deni, nawe huna haki ya kumwuliza habari zake kesho.

Lakini mpanda pikipiki aondokaye asubuhi, mtampa jembe gani? Hataona mvua ya shamba hilo. Fedha ndiyo jembe lake la pekee. Na kuiweka chini ya kikombe ilikuwa labda haya yake, naye alitaka kusema, sikuja kuwala watoto wenu. Kwa hiyo twaona mzee alikosea kukasirika, na mkewe alisema kweli.

Yuko mwinjilisti mmoja aliyetupinga kwa upande mwingine kabisa. Alisema Mzungu na alipe mara mbili, kwa ajili ya mambo ya zamani. Na mambo ya zamani ni kweli: mwaka 1884 Karl Peters alipita Usagara na nchi za jirani, akapokelewa kama mgeni, akatoka na karatasi za kumilikia nchi. Hata katika Ulaya kwenyewe, mwaka 1795, Kant aliandika katika kitabu chake kuhusu amani ya milele kwamba mgeni ana haki ya kufika bila kutendewa kama adui, kwa kuwa dunia ni mviringo na watu hawana pa kukimbiliana. Lakini hana haki ya kukaa pasipo mapatano. Akawalaumu Wazungu kwa kuwa kwao kutembelea nchi na kuiteka yalikuwa neno moja. Hayo yote twayakubali. Lakini deni la Peters haliwezi kulipwa na mwanamke aliyekatikiwa mnyororo, kwa bei ya kitanda. Bei iwe moja.

Mzee alilichukua neno letu. Akapata leseni, akatengeneza vyumba viwili, akaweka vyandarua, shilingi 30,000 kwa usiku pamoja na ulinzi wa pikipiki. Akanunua kitabu cha wageni, kile kiulizacho mtu atokako na aendako bila kuuliza kama amekula. Fundi wa jirani akapata kazi, na deni la dukani likafutwa. Wasafiri wakaambiana. Nasi tukaona fahari kidogo, maana shauri lilikuwa letu.

Usiku mmoja, yapata saa nne, tulikuwa tumeketi uani pamoja naye tukinywa chai. Hodi ikapigwa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, ametoka Ifakara kupitia Mikumi na Morogoro kwa pikipiki ndogo ya bodaboda, siku mbili njiani, amemfuata nduguye Vingunguti, na simu ya nduguye haipatikani. Akasema, "Shikamooni, wazee." Tukaitikia marahaba. Hakuomba chumba. Aliomba aiweke pikipiki ndani ya ua, alale kando yake mpaka kupambazuke. Mzee akaitazama pikipiki, akatazama viatu vya kijana, akasema, "Pole, mwanangu. Leo pamejaa."

Hapakujaa. Chumba kimoja kilikuwa kitupu, kikiwangoja wageni waliokuwa wameandika kwamba huenda wakafika. Nasi tulilijua hilo, tukashika kikombe chetu, tusiseme neno. Kijana akasema, "Asanteni, wazee," akaigeuza pikipiki yake, akaisukuma hata mwisho wa njia bila kuiwasha, ili asiwaamshe watu. Kule kuisukuma ndiko kulikotuuma. Yeye tuliyemfukuza alikuwa akiulinda usingizi wetu.

Yeye naye, ndugu wasomaji, alikuwa msafiri wa pikipiki. Hata hilo neno bodaboda lasemwa limetoka mpakani Busia, kwa watu waliokuwa wakivusha wengine toka nchi hata nchi kwa baiskeli. Alikuwa na vumbi lile lile, na mikono yenye ganzi ile ile.

Kesho yake tulimwendea mzee, tukakiri kwamba kosa lilikuwa letu sote wawili. Alinyamaza sana, kisha akasema jambo ambalo tumelitafakari tangu siku hiyo. Zamani, alisema, kijana yule angeingia bila swali, maana chumba kikiwa kitupu kilikuwa kitupu tu. Sasa kitanda kitupu ni hasara, na usiku aamkapo huvihesabu. Kwa hiyo ubaya haukuwa katika kupokea shilingi 60,000 za kwanza. Ulikuwa katika jicho, ambalo bei ililifundisha polepole kuona kitanda kabla ya kuona mtu, na sisi tuliotoa shauri hatukumwonya.

Jambo hili ni la kale. Mwaka 362 Kaisari Juliani, mpinzani wa Wakristo, aliamuru nyumba za wageni zijengwe katika miji, kwa kuwa aliona jinsi Wakristo walivyopendwa kwa sababu ya kuwapokea wageni. Lakini yapata mwaka 400, huko Konstantinopoli, Yohana Krisostomo aliwagombeza Wakristo kwa ajili ya nyumba hizo hizo. Walikuwa wakisema, kanisa lina nyumba ya wageni, mgeni na aende huko. Akawataka kila mtu atenge chumba nyumbani mwake mwenyewe. Aliona kwamba nyumba ya wageni ikiisha kujengwa, kila mlango mwingine hujiona umesamehewa. Hapo Vingunguti sisi tulipita hata hapo, maana mlango uliojiona umesamehewa ulikuwa wa nyumba ya wageni yenyewe.

Tulipomsimulia mzee habari za Krisostomo, alikwenda kuondoa magunia katika stoo ndogo karibu na geti, akaweka kitanda cha tatu ambacho hakimo katika kitabu chake cha bei. Mkewe hakukubali upesi. Aliuliza ni nani atakayelipa sabuni, na kama sisi tutakuja kufua. Nalo lilikuwa swali la haki, wala hatukuwa na jibu. Mara mbili ugomvi ulianza tena. Yule kijana wa Ifakara tulimtafuta katika vijiwe vya pikipiki hata Tazara, hatukumpata. Juma lililopita tulipita pale kumsalimu mama, tukakiona kitanda kile kina godoro bila shuka. Tukadhani wameacha. Tulipouliza, mama alituonyesha kamba ya nguo nyuma ya nyumba, akasema utingo wa lori moja amelala jana, na shuka bado hazijakauka.