Maneno ya Mwenye Kuuza

Wako watu wasiopambanua baina ya kuisifu bidhaa na kumhadaa mnunuzi. Mmoja wao akinasihiwa, hujibu: "Sikusema uongo, kila neno nililolitumia naweza kulitetea." Jawabu hili tutalitazama, kwani ndilo linaloharibu masoko.

Natutwae mfano wa kitu kidogo: omena. Huvuliwa usiku kwa taa katika Ziwa Victoria, na Muhuru Bay, huko Migori karibu na mpaka wa Tanzania, ni katika mialo yake. Kisha huanikwa juani. Walioanikwa juu ya vichanja hutoka safi. Walioanikwa chini huchanganyika na mchanga. Na walionyeshewa na mvua kabla ya kukauka huharibika, hata wengine huwa chakula cha kuku. Gunia likisha kushonwa, anayejua kilichomo ni muuzaji peke yake.

Gunia hilo lifikapo Mombasa, aandike nini? Akiandika "Omena wa Muhuru, wameanikwa juu ya vichanja", na ndivyo walivyo, amesifu kwa haki. Kuchagua maneno mazuri si dhambi. Akiandika "safi" kwa waliozolewa mchangani, huo ni uongo wa wazi. Lakini akiandika "Dagaa" tu? Ng'ambo ya mpaka samaki huyo huyo huitwa dagaa, wala hapana wa kumshitaki. Ila mtu wa pwani asikiapo dagaa, aghalabu fikira zake huenda baharini. Muuzaji akilijua hilo, na akalichagua neno kwa sababu hiyo, basi neno ni la kweli na kusudi ni la uongo.

Hapa ndipo penye mizani. Neno la muuzaji halipimwi kwa maana awezayo kuitetea, bali kwa maana aliyotaka mnunuzi aifahamu.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono katika rundo la chakula, akakuta chini mna unyevu. Mwenyewe akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuuweka ulioroa juu watu wauone, na akaonywa vikali juu ya kughushi. Katika habari hiyo hatukuambiwa kwamba mtu yule alitamka uongo. Rundo lake ndilo lililosema. Na kwa msingi huo huo ilikatazwa najshi, yaani mtu kupandisha bei naye hataki kununua. Je, anayekodiwa leo aisifu katika simu bidhaa ambayo hakuionja, yu mbali na huyo?

Atasema mtu: "Mwenye kutaja ila ya mali yake hatauza." Atauza, ila kwa bei yake. Na tutazame nani hudhurika akificha. Wa kwanza ni mama anunuaye gorogoro moja kwa fedha ya mwisho ya siku. Hawezi kulifungua gunia zima, hana ushahidi ila neno la muuzaji. Wa pili ni yule wa Muhuru aliyegharimika kujenga vichanja. Kila gunia likiandikwa "safi", jasho lake halina thamani zaidi ya uvivu wa mwenziwe, na mwakani hatajenga tena. Hivyo uongo wa mmoja humpora mkweli, kisha huiondoa sokoni hata bidhaa njema yenyewe.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, imetaka iwepo sheria ya matangazo ya haki na ukweli. Ni jambo jema. Lakini hakimu huhukumu yaliyoandikwa, wala hayaoni yaliyokusudiwa. Hayo mwenye kalamu ndiye ayajuaye, na Mola wake.

Basi, ndugu mfanyabiashara, kabla ya kuandika, jaalia kwamba mnunuzi amesimama ubavuni pako na gunia linafunguliwa mbele yenu. Neno litakalobaki bila ya kukuinamisha uso, liandike. Jingine liache, japokuwa ni tamu.

Wabillahi tawfiq.