Sauti za Marehemu na Amana ya Mwenye Kuzihifadhi

Kwa adabu tuliyolelewa nayo Pwani, mtu aliyeosha maiti huwajibika kuisitiri kila aibu aliyoiona katika mwili ule, asiitaje barazani wala asimnong'oneze mkewe, kwani aliyelazwa juu ya kitanda cha kuoshea hana tena mkono wa kujifunika wala ulimi wa kujitetea. Nami, ambaye riziki ilinipandisha hata Eldoret nikafanya maskani huku, na katika umri wangu nikakusanya santuri za kale mpaka zikajaza chumba kizima, nimejiuliza mara nyingi iwapo hukumu hiyo yamhusu pia mwenye kuweka nyumbani mwake sauti za watu waliokwisha fariki dunia. Sauti si kama kanzu aliyoivaa mtu akaivua. Imetoka kifuani mwake, imebeba furaha yake na maradhi yake, na sindano iigusapo santuri hutoka tena kama ilivyokuwa, naye mwenyewe yu kaburini, hana habari ni nani anayemsikiliza wala kwa nia gani.

Mji huu ulianza mwaka 1910 kwa posta iliyowekwa katika shamba nambari 64, ndiyo sababu wazee huuita Sisibo hata leo, na reli ilipoufikia mwaka 1924 ikafunguka njia ya kupandisha huku kila kilichoshushwa bandarini Mombasa. Katika rafu zangu yumo Siti binti Saad wa Fumba, aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kuimba mbele ya mashine za His Master's Voice. Zimo rumba za Kuba zilizouzwa Afrika katika mfululizo wa GV tangu miaka ya 1930. Zimo bendi zetu zilizojipa jina la jazz kwa fahari ya zama zao, Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Shirati Jazz, na OK Jazz iliyoundwa Léopoldville mwaka 1956. Zimo benga za Chandarana wa Kericho, na nyimbo za Kipchamba arap Tapotuk ambazo hapa Eldoret hazihitaji utambulisho. Juu ya hizo yapo makasha ya jazz ya Marekani yenyewe, niliyoletewa moja moja na vijana wa huku waliokwenda kule kwa masomo na kwa mbio.

Makasha hayo ndiyo yaliyonitia katika fikra. Muradi wa wenye kuyatengeneza ni ukamilifu: si nyimbo zilizotolewa sokoni pekee, bali na zile zilizokatizwa katikati, zilizokosewa, zilizorudiwa mara nne na tano, hata maneno waliyosemezana wapigaji kabla ya kuanza. Kijana mmoja, Dean Benedetti, alimfuata Charlie Parker klabu hata klabu katika miaka ya 1947 na 1948 akiwa na mashine ya kunasia sauti, na kwa mapenzi aliyokuwa nayo kwa saksafoni ya Parker aliizima mashine kila walipoingia wapigaji wengine, asipoteze nafasi kwao. Mwaka 1990 kampuni ya Mosaic ikavikusanya vipande vile katika kasha moja, na wapenzi wakalipokea kama hazina. Nami nimelisikiliza kwa ladha kubwa, lakini siwezi kusema kwamba nafsi yangu ilitulia, kwa sababu mapenzi yale yaliwafuta wanadamu wazima waliosimama jukwaani pamoja na mpendwa.

Jambo zito zaidi ni lile la tarehe 29 Julai 1946. Siku hiyo Parker aliingia studio mjini Los Angeles akiwa mgonjwa, mwili umeharibiwa na ulevi na dawa, akawa hawezi hata kusimama sawasawa mbele ya kipaza sauti, na katika hali hiyo akaupiga wimbo wa Lover Man. Usiku ule ule ukazuka moto katika chumba chake cha hoteli, akakamatwa, na baadaye akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Camarillo, akakaa kiasi cha miezi sita. Ross Russell, mwenye kampuni ya Dial, aliitoa santuri ile, na Parker akaghadhibika asimsamehe, maana aliona ametolewa uchi mbele ya walimwengu. Wapo wajuzi wasemao kwamba katika kazi zake zote hakuna inayochoma moyo kama ile. Huenda ni kweli. Lakini uzuri wa kitu hauondoi swali la idhini yake, na aliyemkuta mwenziwe ameanguka njiani hapewi ruhusa ya kuwaita watu waje watazame kwa kuwa tu mwanguko ule una haiba.

Nilikuwa katika fikra hizo aliponijia mtu wa makamo kutoka viunga vya mji. Baba yake alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa katika ujana wake, akipigia harusini na vilabuni, kisha akaokoka, akalivunja gitaa, na mpaka kufa kwake hakuruhusu nyimbo zile zitajwe nyumbani.

"Mzee wangu," akaniambia, "nimesikia unayo sauti ya baba yangu. Mimi nilizaliwa gitaa limekwisha vunjwa, sijapata kumsikia akiimba. Lakini kaka yangu, ambaye ni mchungaji, asema nikiisikiliza namrudisha baba katika yale aliyoyatubia. Wewe waonaje?"

"Mwanangu," nikamjibu, "nipe muda."

Maana kaka yule hakunena upuuzi. Sisi Waislamu twaamini kwamba mja akifa amali yake hukatika ila mambo matatu, na mojawapo ni sadaka inayoendelea. Kadhalika twafundishwa kwamba mwenye kuanzisha mwendo mbaya hupata sehemu ya dhambi ya wamfuatao. Je, santuri ambayo mwimbaji ameitubia, nayo yaendelea kuzunguka isijue habari ya toba, yaandikwa katika daftari lipi? Nikamrudia Imamu Ghazali, ambaye katika Ihya alitenga kitabu kizima kwa ajili ya usikilizaji, na hoja yake iliyonifaa ni hii, kwamba sauti nzuri haiumbi kitu moyoni, bali huamsha kilichokwisha kuwamo. Basi ikiwa ni hivyo, mwana amsikilizaye baba yake kwa hamu ya mtoto hakiamshi kilabu wala pombe. Huamsha wema wa mwana kwa mzazi, nao ni ibada. Toba ya marehemu ilikuwa baina yake na Mola wake, na Mola hahitaji kaseti wala santuri zivunjwe ndipo aikubali.

Tena kuficha nako kwaweza kuwa khiyana. Mwaka 1950 mkusanyaji wa nyimbo Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, akanasa nyimbo za wazee na za wasichana, na mojawapo, Chemirocha, ni wimbo wa wasichana wakimwimbia Jimmie Rodgers wa Marekani, ambaye walimjua kwa santuri tu, naye alikuwa amefariki tangu 1933. Sauti zile zikahifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba aliyoiasisi Tracey, zikasikilizwa na wataalamu wa dunia nzima, na wenyewe wa Kapkatet wakangoja zaidi ya miaka 60 mpaka maktaba hiyo, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi, waliporudisha nakala. Hapo ndipo ninapoona tofauti ya mmiliki na mwekewa amana: mmiliki aweza kufungia chake, lakini amana ina mwenyewe, na mwenyewe akija hupewa.

Nikamwita yule mtu, naye akaja pamoja na kaka yake. Nikawaambia kwamba wimbo ule baba yao aliutoa kwa hiari yake, watu wakaununua, maharusi wakauchezea, kwa hivyo haukuwa siri na sikuona haki ya kuwanyima. Nikaupiga, na mchungaji akausikiliza mpaka mwisho. Lakini nilikuwa nao pia utepe uliokuja na mzigo wa santuri nilionunua duka moja lilipofungwa, na ndani yake baba yao, akiwa amelewa, anakosea wimbo huo huo mara kadha wa kadha na kuwatukana wenziwe. Utepe huo sikuupiga. Niliwaeleza ulivyo, nikautia mikononi mwao.

Wakusanyaji wenzangu wamenilaumu, wakisema nimeitoa historia itupwe motoni, na kwamba siku moja mtu atakayeandika habari za muziki wa nyanda hizi atakosa ushahidi wa namna wimbo ule ulivyojengwa. Hoja yao nakiri ina uzito. Ila ushahidi huo ulinaswa bila radhi ya mwenyewe, na wenye haki ya kumsitiri walikuwa hai, wameketi mbele yangu. Wanaoutaka utepe ule uwe elimu hawakuwamo studio uliponaswa wala katika nyumba yangu siku ile. Ndugu wale wawili walifanyaje nao, sijawauliza, wala sioni kwamba ni langu kuuliza.