Kiti cha Sala

Diepsloot, jina la mtaa wetu, kwa Kiafrikaana ni mtaro wenye kina, na ni mtaroni nilikoteguka kifundo cha mguu wa kulia, nikirudi kazini usiku. Eksirei ilitoka safi. Miezi ikapita, na kila nikikaa tahiyatu, unyayo umesimama na vidole vimekunjwa, kifundo kinachoma kama kaa la moto.

Daktari aliyenituma kwenye kipimo cha MRI alinieleza: eksirei huona mfupa, haioni gegedu. Gegedu lenyewe halina mishipa ya fahamu wala ya damu. Hujeruhika kimya, na haliponi kwa urahisi. Kinacholia ni mfupa ulio chini yake. Wakati mwingine mfupa huo hutobolewa vitundu makusudi, damu ipande ijaze pengo, ingawa kinachojaza si gegedu lile la awali.

Kwa nini Mola aumbe kitu kinachotubeba kila hatua, kisha akinyime sauti? Sijapata jibu, wala sitaki la haraka. Sheikh ameniruhusu kusali kitini, nami naamini ni sahihi. Aliyeliumba gegedu anajua uzito wangu. Lakini alfajiri, safu nzima ikishuka kusujudu, natamani ardhi.