Lawama ya Kuchimba Bila Kuuliza

Mtaro unachimbwa kando ya barabara Bunju au Chamazi, sururu inapasua bomba la maji, na neno la kwanza kusikika ni "sikukusudia". Wengi wetu huona neno hilo limemaliza shauri. Fundi ataitwa, bomba litaungwa, na mitaa iliyokauka itasubiri au itanunua maji ya boza. Mimi nadai kwamba halijamaliza kitu. Tena nasema zaidi: anayechimba bila kujitahidi kujua kilichomo chini amekosa hata kama sururu yake haikugusa chochote, na kosa hilo ni la kimaadili kabla halijawa la kihandisi.

Dini mbili zinazoongoza maisha ya wakazi wengi wa Dar es Salaam hazikuliacha wazi suala la madhara yasiyokusudiwa. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, mtu aliyefungua shimo asilifunike, ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia, anatakiwa kulipa. Haulizwi kama alimtakia jirani mabaya. Katika Qur'ani, Surat An-Nisaa aya ya 92, aliyemuua Muumini kwa kukosea hahesabiwi sawa na muuaji wa makusudi, lakini anadaiwa kafara, na jamaa wa marehemu wanastahili dia, isipokuwa wakisamehe. Nia yake imempunguzia uzito, haikumfutia deni. Aristotle naye, nje kabisa ya mapokeo hayo, aliandika kwamba kutojua hakumwokoi mtu ikiwa kutojua kwenyewe kumetokana na uzembe wake. Kauli hiyo ya mwisho ndiyo inayotugusa zaidi, kwa sababu kilichomo ardhini hakionekani, na kila anayechimba anajua kwamba hakionekani. Hawezi kusema alishtukizwa.

Mtu anaweza kunijibu kuwa mifano hiyo yote inahusu madhara yaliyokwisha kutokea. Pasipo ng'ombe shimoni, nani amekosewa? Hapa tutazame mambo yalivyo chini ya viunga vyetu. Upande wa Kinondoni kuna bomba kuu linaloleta maji kutoka Ruvu Chini kwa njia ya Bagamoyo, na gesi ya Songo Songo inafika hadi kiwanda cha saruji cha Wazo. Kuna nyaya za umeme, kuna mkongo wa mawasiliano, na juu ya hayo yote kuna mabomba membamba ya plastiki ya kila nyumba, mengi yakiwa yamelazwa baada ya watu kujenga, yakipinda kufuata kuta na miti. Kifaa cha kutafuta chuma hakiyaoni mabomba hayo ya plastiki. Kebo ya umeme nayo si lazima ikatike ndipo iharibike: sururu ikichubua ganda lake, mtaro hufukiwa, mkandarasi hulipwa, na unyevu huingia taratibu hadi kebo ilipuke siku ambayo mchimbaji yuko Mbagala kwenye kazi nyingine na amekwisha kusahau. Je, alikuwa hana kosa siku ile, kisha likamjia miezi kadhaa baadaye akiwa amelala kwake? Haiwezekani. Kosa lilikamilika aliponyanyua sururu bila kuuliza. Kilichobaki kilikuwa bahati tu, na bahati haimfanyi mtu kuwa mwadilifu.

Wako wanaosema ajali imeandikwa, na binadamu hapingi kudra. Naiheshimu imani hiyo, ila kudra inahusu yaliyo nje ya uwezo wetu. Kwenda DAWASA, TANESCO na TTCL kuuliza njia za mabomba na nyaya kabla ya kuchimba kuko ndani ya uwezo wa mkandarasi yeyote. Pingamizi zito zaidi ni kwamba ramani zenyewe mara nyingine hazilingani na ardhi. Ndiyo, na kwa hiyo wanaolaza mabomba bila kuweka kumbukumbu wanabeba sehemu ya lawama. Lakini ramani yenye mashaka inamwongezea mchimbaji wajibu wa kuhakikisha kwa macho yake.

Njia za kuhakikisha zipo. Kanada na kwingineko wamezoea mtambo unaolegeza udongo kwa maji ya shinikizo na kufyonza tope hadi kwenye tangi la lori, bomba likabaki wazi bila kuguswa na chuma. Ni njia nzuri, mradi shinikizo lisizidi hadi kukata ganda la kebo. Hata hivyo mashine haileti uadilifu. Wachimba dhahabu wa California walibomoa vilima kwa maji ya namna hiyo, matope yakafukia mashamba ya watu wa bondeni, mpaka mahakama ikawazuia mwaka 1884. Kwetu, atakayefyonza tope Temeke akalimwaga kwenye mfereji wa mvua kabla ya masika atakuwa amehamisha madhara kutoka kwa jirani mmoja kwenda kwa mwingine. Na katika jiji lililopata mgawo wa maji mwishoni mwa 2022, mto Ruvu ulipopungua, ni haki kuuliza kama maji safi yachimbie mitaro. Mahali mtambo usipofaa au usipopatikana, vibarua wachache wenye machepe, wakichimba polepole mashimo ya majaribio kukingama na njia inayodhaniwa ya bomba, wanatosha. Hapo hakuna kibarua anayenyang'anywa ajira na mashine.

Kibarua anayechimba mtaro naye tusimtwishe asiyostahili. Mara nyingi analipwa kwa mita, na kila dakika ya kutazama ni hela inayompotea. Lawama ya kwanza ni ya aliyepanga malipo hayo akijua yanazaa haraka. Kwa hiyo ombi langu liwaendee wanaoandaa zabuni katika manispaa za Kinondoni na Temeke: kazi ya kutafuta mabomba na nyaya iwekeni katika mchanganuo wa gharama kama kipengele kinachojitegemea, na mkilipe kikamilifu hata pale mashimo ya majaribio yasipokuta kitu.