Tendo na Jina: Maadili ya Kusimulia Historia ya Wanawake katika Mitaa ya Mombasa

Swali linaloshughulikiwa na makala haya ni la kimaadili kabla ya kuwa la kihistoria. Je, mtu awaongozaye wageni katika mitaa ya Mombasa ili kuwasimulia historia ya wanawake ana haki ya kutaja nini, na ya kumtaja nani?

Matembezi ya kawaida ya Mji wa Kale huanzia Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, yakapitia misikiti na milango ya nakshi. Hiyo ni historia ya mambo yaonekanayo kutoka njiani. Wanawake wa kiungwana waliishi upande wa pili wa ukuta, na sitara ilikuwa sehemu ya heshima yao. Atakaye kuwasimulia hana budi kuuvuka mlango kwa maneno, na wapo watakaosema kwamba hana ruhusa hiyo.

Hoja hiyo ina uzito, lakini ina kasoro moja kubwa. Sitara haikugawiwa wanawake wote kwa kipimo kimoja. Mwungwana aliweza kubaki ndani kwa sababu mjakazi alitoka nje: alitumwa sokoni, alichota maji, alionekana na kila mtu. Kwa hiyo ukimya wa leo hauwatendei wawili hao haki sawa. Humsitiri bibi, na humfuta mjakazi.

Hata hivyo, kuvunja ukimya kuna madhara yake. Sheria iliacha kuutambua utumwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini suala la asili ya mtu halikufutwa na sheria. Kuinyoshea kidole nyumba fulani mbele ya wageni ni kuwaumiza wajukuu kwa jambo wasilolitenda wala kulichagua.

Huenda jibu likatafutwa Biashara Street, mtaa wa maduka ya nguo. Duka la Kaderdina Hajee Essak, mashuhuri kwa chapa ya "Mali ya Abdulla", lilianzishwa mwaka 1887, na leso zake zimevaliwa kote Afrika ya Mashariki. Leso ina pindo, mji na jina. Jina hilo, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, halimtaji mtu yeyote. Mvaaji hupita nalo hadharani, na anayehusika hujitambua mwenyewe. Nyimbo za lelemama nazo zilitumia fumbo kwa njia iyo hiyo. Je, mtembezaji wageni naye asiseme kwa fumbo?

Fumbo peke yake halitoshi. Kwanza, humtaka msikilizaji awe mwenyeji. Kwa mgeni, leso hugeuka pambo tu. Pili, fumbo huweza kumkinga mkosaji kama limkingavyo aliyekosewa. Utumwa si ugomvi wa mawifi hata udokezwe kwa jicho la upande.

Mfano ulio bora zaidi ni kitabu *Wanawake Watatu wa Kiswahili*, kilichohaririwa na Sarah Mirza na Margaret Strobel, na kutolewa kwa Kiswahili mwaka 1991, miaka miwili baada ya toleo la Kiingereza. Humo Bi Kaje, wa ukoo uliomiliki watumwa, na Bi Mishi, wa nasaba ya watumwa, wanasimulia maisha yao wenyewe, kila mmoja kwa kauli yake. Jina halikuchukuliwa; lilitolewa na mwenyewe.

Hapo ndipo penye tofauti inayofaa kuzingatiwa. Tendo ni la mji mzima, na mji unawajibika kulitaja waziwazi. Jina ni la mwenye nalo. Mtembezaji hana budi kueleza kwamba utulivu wa nyumba kubwa ulitegemea jasho la wanawake wasiokuwa huru. Halazimiki, wala haruhusiwi, kuonyesha ni nyumba ipi.

Lakini wapo waliokufa bila kuulizwa, na hakuna awezaye kutoa ruhusa kwa niaba yao. Kwa hao lisilotajika ni jina tu. Kazi zao zaweza kutajwa, moja baada ya moja: maji waliyochota, vyakula walivyopika, watoto wa wenzao waliowalea. Matembezi yasiyofika hapo yatakuwa yamezunguka mtaa tu.